Maji, hewa na kufyonza katika mpini mmoja: ugumu wa kifaa cha meno uko wapi?

Daktari wa meno ana mikono miwili, na kinywa kilichofunguliwa kinadai mitatu au minne. Mkono mmoja umeshika kioo, cha kuvutia shavu na kuonea pembe zilizojificha. Wa pili umeshika mashine ya kutoboa. Bado kuna mate yanayojaa chini ya ulimi, kuna maji yanayotoka kwenye mashine yenyewe, na kuna jino linalotaka kuoshwa na kukaushwa kabla halijazibwa. Penye msaidizi, hiyo ni kazi yake: anakaa upande wa pili wa kiti, bomba la kufyonza mkono mmoja, bomba la maji na hewa mkono wa pili. Pasipo na msaidizi, mrija mwembamba wa mate hutundikwa mdomoni kwa mgonjwa, na kazi inakwenda kwa vipande: toboa kidogo, simama, mgonjwa ateme, rudi.

Ndiyo maana wazo la kuyaweka maji, hewa na kufyonza katika mpini mmoja huja lenyewe. Mwonyeshe kiti cha meno kijana yeyote anayesomea ufundi, hatachelewa kukuchorea mpini wenye vitufe viwili na mdomo mpana. Mchoro huo si mbaya. Tatizo ni kwamba mpini ndiyo sehemu rahisi. Ugumu umejificha mahali pawili: kwenye ncha, ambapo kupuliza na kufyonza hugombania nafasi moja, na kwenye viungo, ambapo njia ya maji safi inapita ubavuni mwa njia ya uchafu wa kila aliyewahi kukaa kiti hicho.

Tuanze na kiasi cha maji, kwani watu hukidharau. Mashine ya kutoboa ya kasi kubwa hutakiwa itoe walau mililita 50 kwa dakika ili kupooza jino. Si anasa. Mwaka 1965 watafiti Zach na Cohen walipasha moto meno ya kima na kukuta kwamba kiini cha jino kikipanda joto kwa nyuzi 5.5 tu, asilimia 15 ya meno yale hayakupona. Kwa hiyo maji lazima yatoke, na kazi ya dakika 5 inamwaga robo lita ndani ya kinywa cha mtu aliyelala chali, asiyeweza kumeza vizuri kwa sababu mdomo uko wazi na nusu ya ulimi umekufa ganzi. Mwezi wa Ramadhani robo lita hiyo inakuwa na uzito mwengine kabisa. Wapo wanaovumilia jino linalouma mpaka Idi ipite, kwa hofu ya tone moja kupita kooni. Hukumu ya funga tuwaachie masheikhe. Upande wa ufundi, hofu yao inasema kweli moja: mrija wa mate hauyawezi maji hayo.

Kwa nini hauyawezi? Jaribu usiku umeme ukikatika. Washa mshumaa, uweke umbali wa mkono, uupulize. Utazimika. Uwashe tena, sasa jaribu kuuzima kwa kuvuta pumzi ndani. Hutaweza mpaka ukaribie kuunguza midomo. Hewa inayopulizwa huenda upande mmoja na kubeba nguvu yake mbali. Hewa inayofyonzwa hutoka pande zote kwa pamoja, mbele, nyuma na ubavuni, kwa hiyo nguvu yake hutawanyika mara tu unapoondoka tunduni.

Hesabu yake ni fupi. Viwango vya kimataifa vya vifaa vya meno huhesabu ufyonzaji kuwa mkubwa ukipitisha zaidi ya lita 250 za hewa kwa dakika, na mdogo ukiwa chini ya lita 90. Chukua lita 300 kupitia tundu la milimita 8. Pale tunduni hewa inaingia kwa kasi ya karibu mita 100 kwa sekunde. Sogea sentimita 1, kasi imeshuka hadi mita 4. Sogea sentimita 2, imebaki mita 1. Yaani sentimita mbili tu, upana wa kidole gumba, zimekula asilimia 99 ya kasi yote. Mbunifu anayeongeza nguvu za pampu ili kufidia mdomo uliokaa vibaya anapoteza umeme. Ilimtosha kuusogeza mdomo.

Sasa urudi kwenye mchoro wa yule kijana. Karibu kila mara ataweka tundu la maji na hewa katikati, na mdomo wa kufyonza ukilizunguka. Mchoro huo unapendeza: ncha moja ya mviringo, isiyo kulia wala kushoto. Ukiujaribu, utaona ubaya wake. Matone madogo ya mchanganyiko wa maji na hewa yanapita katikati ya ule upepo wa mita 100 kwa sekunde, na sehemu yao inageuzwa na kuvutwa kabla haijaligusa jino. Ukiongeza presha ya kupuliza ili yafike, yanafika, yanagonga jino, yanaruka pembeni zaidi ya sentimita 2, na huko kufyonza hakufiki. Umejenga kifaa kinachofyonza maji yake chenyewe na kuyaacha ya mgonjwa.

Kwa maoni yangu mpangilio unaofaa ni wa juu na chini. Tundu la kupuliza likae juu na litangulie mbele, likielekea jino kwa mshazari. Mdomo wa kufyonza ukae chini na nyuma kidogo, pale maji yanapoanguka na kukusanyika. Kinachopulizwa kinagonga jino na kurudi kuelekea mdomo wenyewe. Hasara yake ni kwamba sasa kuna juu na chini. Meno ya taya la juu yanataka ncha igeuzwe, upande wa kushoto vivyo hivyo, kwa hiyo ncha lazima izunguke juu ya mpini. Na kiungo kinachozunguka, chenye njia tatu ndani yake, ni mahali pa kuvujia.

Kabla ya kuvuja, kuna shavu. Mdomo mpana ukigusa shavu au ulimi hujiziba. Hewa inasimama, ombwe, yaani ile nguvu ya kuvuta ndani ya bomba, linapanda, na nyama inavutwa ndani. Mgonjwa anaruka kitini. Dawa yake inajulikana zamani: kata mdomo kwa mshazari, lainisha kingo, toboa matundu mawili ubavuni ili hewa ipate pa kuingilia hata mbele pakizibwa. Matundu hayo yanafanya kazi ya pili ambayo ni kubwa kuliko ya kwanza. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, huwaonya madaktari wasimwambie mgonjwa afunge midomo juu ya mrija wa mate, kwa sababu akiufunga na kuuvuta, presha ya kinywani inaweza kushuka chini ya ile iliyomo bombani, na kilichomo bombani kikarudi kinywani. Bomba likiinuliwa juu ya kichwa cha mgonjwa, uzito wa majimaji wenyewe husaidia kurudisha. Kilichomo bombani, tusizunguke, ni mate na damu ya aliyetangulia. Mdomo usiozibika hautoi nafasi hiyo.

Njia mbili zilizo jirani

Katika vifaa vya kawaida, bomba la maji na hewa liko kwenye mpira wake na bomba la kufyonza kwenye mpira wake, na baina yao kuna hewa tupu ya chumba. Hewa hiyo tupu ni kinga, ingawa hakuna aliyeibuni. Ukiyaweka yote mawili ndani ya mpini mmoja, kinga hiyo umeiondoa, na sasa kitu pekee kinachotenganisha maji yanayokwenda kwa mgonjwa na uchafu unaotoka kwake ni ringi ya mpira yenye unene wa milimita moja au mbili.

Fikiria ringi hiyo imechoka. Daktari akibonyeza kitufe, maji yana presha, yanavujia upande wa uchafu, na hakuna anayejua. Akiachia kitufe, presha imekwisha, na tone la upande wa pili linaweza kupita kinyume. Kosa la aina hii ni baya kwa kuwa halionekani. Kwa hiyo viungo vyake viwe hivi: kila njia iwe na ringi yake, na baina ya ringi na ringi pachongwe mfereji mdogo unaofunguka nje ya mpini. Ringi yoyote ikichoka, maji yatadondoka mkononi mwa daktari badala ya kupita kwa jirani. Atakasirika, ataita fundi, na hilo ndilo linalotakiwa. Kifaa kinachovuja nje ni kizuri kuliko kinachovuja ndani kwa adabu.

Kwenye njia ya maji pia iwekwe valvu ya njia moja, karibu na ncha kadiri inavyowezekana. Kitufe kikiachiwa ghafla, maji yaliyomo hurudi nyuma kidogo, na yanaporudi huvuta tone kutoka kinywani. Valvu hiyo huchakaa. Iwe inafunguka kwa mkono na kubadilishwa bila kupeleka kifaa kizima kwa fundi.

Maji ya visiwani

Mpira wa maji wa kiti cha meno huwa mwembamba. Chukua wa kipenyo cha milimita 2 na urefu wa mita 2: ndani yake mna mililita 6 tu za maji, lakini maji hayo yanagusa ukuta wa eneo la sentimita 125 za mraba. Vijidudu hupenda kuta. Hujishikiza, hujitengenezea utando wa ute, na maji yakilala usiku kucha katika joto letu, asubuhi yanatoka yakiwa na vijidudu vingi kuliko yalivyoingia. CDC inataka maji ya kazi za kawaida za meno yasizidi vijidudu 500 kwa mililita, sawa na maji ya kunywa, na mpira usafishwe kwa kupitishwa maji na hewa sekunde 20 hadi 30 baada ya kila mgonjwa. Kusafisha huko huondoa kilichorudi, utando hakuondoi. Si jambo la nadharia: mwaka 2011 huko Italia bibi wa miaka 82 alifariki kwa homa ya mapafu inayoletwa na kijidudu cha majini kiitwacho Legionela, na vijidudu vile vile vikakutwa kwenye maji ya kiti cha meno alichotibiwa.

Kwetu kuna nyongeza. Unguja na Pemba zinakunywa zaidi maji ya ardhini, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni jiwe la matumbawe. Maji yanatoka na chokaa. Tazama ukoko mweupe ndani ya birika. Pwani ya mashariki ya Unguja visima vingi vina chumvi. Tundu la kupulizia lenye upana wa nusu milimita halihitaji miaka kuzibwa na chokaa, na likizibwa nusu, maji yanakwenda upande, daktari anaongeza presha, na hesabu yote ya ncha niliyoeleza inavurugika.

Kwa hiyo nisingekiunganisha kifaa hiki na bomba la mtaani hata kama bomba lipo hapo hapo. Kiwe na chupa yake. Maji yachemshwe, yaachwe yatulie, yachujwe; kuchemsha kunaua vijidudu na kuangusha sehemu ya chokaa kwa pamoja. Jioni chupa imwagwe na mpira upulizwe hewa mpaka ukauke. Utando haupendi ukavu.

Hewa nayo si hewa tu

Kompresa huchukua hewa ya chumba na kuisonga. Hewa ya pwani yetu ina mvuke mwingi, na ikisongwa haiwezi kuubeba wote. Katika joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, ukisonga hewa mpaka presha ya bar 6 na kuiacha ipoe, kila mita ya ujazo iliyoingia huacha karibu gramu 20 za maji ndani ya tangi. Miezi ya masika tangi lisilofunguliwa koki ya chini kila siku linageuka kisima chenye kutu. Maji hayo husafiri mpaka kwenye ncha, na daktari aliyedhani anakausha jino analilowesha. Kompresa inayotumia mafuta huongeza ukungu wa mafuta, na dawa za kisasa za kuzibia meno, zile za rangi ya jino, hazishiki kwenye mafuta wala kwenye maji. Kompresa isiyo na mafuta na kikausha hewa ni sehemu ya kifaa hiki, hata kama viko chumba cha pili na havionekani kwenye mchoro.

Kuna hatari nyengine ambayo wabunifu wasiotoka kwenye tiba huwa hawaijui. Hewa yenye presha ikipulizwa kwenye kidonda kilichofunguka, kwa mfano tundu la jino lililong'olewa, inaweza kupenya chini ya nyama na kuvimbisha uso na shingo. Kitufe cha hewa kiwe kigumu kidogo kuliko cha maji, na kiwe na kifungio daktari anapong'oa.

Umeme ukikatika

Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima waya wa baharini ulipoharibika. Kuanzia Disemba 2009 ikakaa miezi mitatu. Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli mpaka waya kutoka Tanga ulipowashwa mwaka 2010. Hali leo si ile, lakini anayebuni kifaa cha hospitali visiwani akasahau umeme kukatika anabuni kwa ajili ya nchi nyengine.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, pampu ya kufyonza inasimama mara moja. Chupa ya maji bado ina presha. Kitufe kikiwa kimebonyezwa, maji yanaendelea kuingia kinywani bila kutoka. Hapa napendekeza kanuni moja iongoze kifaa chote: maji yasitoke kama kufyonza hakufanyi kazi. Inawezekana bila elektroniki yoyote. Ndani ya mpini kunawekwa kiwambo cha mpira. Ombwe la njia ya kufyonza likikivuta, kinafungua njia ya maji. Ombwe likipotea, springi inaifunga.

Ila kuna mtego. Ncha ikizibwa na shavu au kipande cha pamba, ombwe linapanda badala ya kushuka. Kiwambo kinaona ombwe zuri, kinafungua maji, na hakuna tone linaloondoka. Kwa hiyo kiwambo kipime mtiririko, si ombwe peke yake: njia ya kufyonza ibanwe kidogo mahali pamoja, na kiwambo kihisi tofauti ya presha kabla na baada ya pale palipobanwa. Hewa ikisimama, tofauti inakuwa sifuri, maji yanafungwa. Mahali palipobanwa panaweza kunasa vipande vya jino na dawa, hilo nakubali, kwa hiyo pakae kwenye sehemu inayotolewa na kuoshwa.

Kuhusu nguvu: kupitisha lita 300 kwa dakika kwa ombwe la kilopaskali 15 ni kazi ya wati 75 tu ya hewa, ingawa pampu yenyewe itakula mara kadhaa ya hizo. Betri na inveta ya kawaida inatosha kumalizia jino lililokwisha kufunguliwa. Wazo la kutengeneza ombwe kwa hewa ya kompresa yenyewe, ili kuepuka pampu ya pili, linavutia kwa urahisi wake, lakini linakula hewa vibaya sana, na kompresa ndogo ya kituo cha afya haitabaki na kitu cha kuendeshea mashine ya kutoboa.

Kuosha na kupika

Kila kinachoingia kinywani na kutumiwa tena lazima kipikwe kwa mvuke wa presha: nyuzi 134 kwa dakika zisizopungua 3, au nyuzi 121 kwa dakika 15. Mvuke unaua pale tu unapofika, na ndani ya mrija mwembamba wenye upande mmoja uliozibwa hewa hunasa, mvuke haupiti. Mashine kubwa huvuta hewa kwanza kwa ombwe. Zile ndogo zinazofanana na sufuria hazifanyi hivyo. Basi ncha iwe fupi, njia zake zinyooke, zifunguke pande zote mbili, na ile ya kufyonza ipitishe brashi. Valvu zote zibaki kwenye mpini. Pia kuna mazoea yaliyoenea ya kuloweka vifaa kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10 kabla ya kuvisafisha, na klorini hutafuna alumini na hata chuma cha pua kikiachwa humo. Hewa ya chumvi inamalizia. Chuma cha pua cha daraja la 316 kwa ncha, plastiki ngumu inayohimili joto kwa mpini. Alumini iliyopakwa rangi nzuri tuiache dukani.

Mshindani wa kifaa hiki

Ni pamba. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, ilianzishwa njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine, bila umeme: daktari anakwangua sehemu iliyooza, anazuia mate kwa vipande vya pamba, anaziba kwa saruji ya meno inayoshikamana hata kwenye unyevu kidogo. Njia hiyo imeenea duniani, na kwa mtoto wa skuli wa Micheweni, Pemba, aliyekaa kwenye kiti cha mbao inabaki kuwa jibu la busara. Kifaa cha njia tatu kina maana pale tu mashine ya kutoboa inapotumika na ile robo lita inapomwagwa.

Majaribio ya mwanzo hayataki mgonjwa. Kinywa cha plastiki, maji ya rangi ya mililita 50 kwa dakika, saa, na mizani ya jikoni ya kupimia kilichobaki baada ya dakika 5. Mshikishe mpini mtu wa mkono wa kushoto. Uangushe kwenye sakafu ya saruji. Uloweke, uupike, urudie mara mia, kisha ukate ringi moja kwa makusudi na uone maji yanadondokea wapi. Ringi zenyewe ziwe za silikoni na za ukubwa unaouzwa kwa wingi, si ukubwa wa kuagizwa peke yake kutoka ng'ambo, kwani ringi inayosubiriwa bandarini miezi miwili itabadilishwa na ya bomba la jikoni, na ya bomba la jikoni haihimili nyuzi 134.